Mpini wa Ufagio

Saa nane za usiku, Rotterdam ya kusini,
nimerudi kutoka wodini, miguu imevimba ndani ya soksi,
na juu ya dari yangu besi inatembea
kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.
Nikachukua ufagio. Nikagonga kwa mpini:
ko. Ko-ko. Ko.
Muziki ukanyamaza. Nikajiona mshindi, nikalala.

Kesho yake yuko mlangoni na sahani ya kachupa,
mahindi na maharagwe, pure ya mama yake wa Kaboverde;
jina la ukoo, la Kijava, alipewa na baba,
kuli wa bandari aliyezaliwa Paramaribo.
Ivandro Kromosoeto. Pumzi inakwisha kabla ya jina.
Nilikuwa nimeandaa matusi ya Kituruki, yale ya bibi yangu wa Kayseri.
Akasema: "Sevgül, jana uligonga nyuma kidogo ya pigo.
Wapiga ngoma wa jazi husomea hilo miaka.
Nigongee tena. Safari hii narekodi."

Chumbani kwake: godoro, mashine yenye vitufe kumi na sita,
tromboni ya marehemu, kinywa chake kimebonyea
tangu siku ya mgomo alipokingia rungu la askari.
"Noti iliyopasuka," aliniambia, "siitengenezi."
Akaikata vipande, akaipindua, akaiacha ikohoe
mapigo matano pale masikio yalipongoja manne.

Na maneno? Nilidhani atajisifu: mikufu, magari.
Akatoa barua. Sote tulikuwa nayo,
nembo ya kampuni ya nyumba, karatasi nzito kuliko pazia langu.
*Mpendwa mpangaji.*
Ilisema *kuboresha*. Ilisema *mchanganyiko wenye afya*.
Sisi, lugha tisa kwenye ngazi moja,
kumbe hatukuwa mchanganyiko.
Aliisoma kama ilivyo. Hakugusa neno,
aligusa vituo tu; na kila alipotua
uongo ulibaki uchi, hauna pa kushika.

Kisha akaongeza yake, mbiombio, meno yakigongana:

Mtaa jina Kaburu, mpangaji ni mweusi,
tunalipa na ushuru, twafagia maofisi,
leo mwasema tu huru, tuhame pasipo kesi:
nyumba ikishabomoka, atafagia ni nani?

Nikamkumbusha mimi ni Mturuki.
"Kwenye orodha yao," akasema, "wino ni mmoja."

Ukumbi wa jiji. Kila mkazi dakika tatu.
Alipanda na spika ndogo ya betri.
Barua; tromboni ikikohoa; na katikati yake
ko. Ko-ko. Ko.
Mimi mstari wa nne, bado na sare ya zamu,
najisikia nikigonga dari ya wakubwa.
Dakika ya tatu mwenyekiti akamzimia kinasa sauti.
Akaendelea bila kinasa.
Bi Hendrikje wa ghorofa ya chini, miaka themanini na mbili,
akampokea kwa mkongojo sakafuni,
kisha viatu, kisha viti.
Na yule mwenyekiti, nilimwona,
kidole chake juu ya meza kilikuwa kinahesabu tano.

Kura ishirini na sita kwa kumi na tisa. Tulishindwa.
Bomoabomoa ilianza Februari, kwenye barafu.

Sasa naishi mwisho wa reli. Dari ni zege jipya,
juu yangu watu wapole wanaotembea kwa soksi.
Ivandro yuko ng'ambo ya mto, anapanga mwezi kwa mwezi.
Rekodi ilitoka. Nyuma ya jalada, kwa herufi za chungu:
tromboni, baba. Ufagio, Sevgül.

Usiku mwingine ukimya haunipi usingizi.
Nachukua mpini, nagonga,
nyuma kidogo ya pigo.
Nasubiri.